Muguu wa Kuonyesha Wageni

Kidonda changu kilikuwa kimetimiza miaka saba siku dokta wa hospitali alipokitazama na kusema kukata. Mimi mwenyewe hakunitazama, alitazama karatasi yake. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasema: "Citoyenne, tunakupa juma nane. Kama hakipunguki, tutakata chini ya goti, mbele ubaya haujafika kwenye mufupa."

Nilimuuliza kama chini ya goti ni mbali kiasi gani, juu ya mimi nilizaliwa mufupi, na pale chini ya goti Mungu hakuniwekea vitu vingi. Hakucheka. Aliita mugonjwa mwingine.

Ilikuwa mwaka wa 1979, miaka miwili baada ya mulima Nyiragongo kuteremusha moto wake. Mimi nilikuwa mujane, nilikaa Mabanga na binti yangu Valérie, na shamba langu la maharagi lilikuwa Munigi. Anayejua njia za kule anajua: ni mawe ya volkano mwanzo mupaka mwisho, meusi, makali, yanakata hata viatu. Mutu wa miguu miwili anapita kwa kuomba. Mutu wa muguu mumoja anabaki nyumbani, anatazama wenzake wakirudi na maharagi. Jiwe la njia ile njo lilinikata, juu ya kifundo cha kushoto, alama ndogo kama ukucha wa paka. Nilitema mate nikaendelea na safari. Alama ile ikakaa, ikajenga nyumba, ikazaa.

Kwa miaka saba kidonda kile kilionja dawa kupita mutu yeyote wa Mabanga. Kilikula asali ya Masisi. Kilikula siagi ya ngombe iliyolala mwaka muzima katika kibuyu. Kilikula vidonge vya tétra, vile vyekundu na manjano, vinafunguliwa kama ganda la karanga na unga unamwagwa juu. Majivu, majani yaliyotafunwa na wenye meno na wasio na meno, dawa ya rangi ya zambarau, yote kilikula na hakikushiba. Na muramu wangu Dancille, dada ya marehemu bwana yangu, yeye aliamini kitu kimoja: unga mweusi wa ndani ya pile, betri ya radio. Kila pile ilipokufa kwake, muguu wangu ulijua.

Toka hospitali nilienda moja kwa moja kwa munganga Munyaneza, mwenye dispensaire ndogo kwenye barabara ya kupanda. Alikuwa kijana wa kusema polepole, hata kukohoa alikohoa polepole. Hakuanza na kidonda. Aliweka vidole viwili juu ya mugongo wa muguu wangu, akafunga macho, akabaki vile muda murefu. Nikamuambia kama anatafuta bibi wa kuoa, Valérie yuko inje.

"Natafuta damu, mama," akasema. "Inapiga. Muzuri. Kama haingepiga, singekufunga."

"Unifunge na nini? Nimefanya nini?"

"Na bande." Akafungua macho. "Sikia. Damu yako inateremuka bila shida. Kupanda njo inachoka, kama mutu wa Masisi ambaye ametembea soko yote na sasa anaona mulima mbele yake. Inakaa chini, muguu unavimba, ngozi inakosa chakula. Wewe miaka saba unaweka dawa juu, na ugonjwa uko ndani unakuchungulia."

"Sasa dawa ni gani?"

"Maji yaliyotokota na chumvi kidogo, ya kuosha. Kitambaa kilichotokota. Juu yake bande ya nguvu, toka vidole mupaka chini ya goti, isukume damu ipande. Na kulala muguu ukiwa juu kuliko moyo. Haifunguliwi na mutu. Ni mimi nitafungua, kila Jumatatu."

"Na asali?"

"Asali si adui. Lakini asali ya mukono mumoja safi, si ya mikono kumi na miwili."

Hapo alikuwa amenijua, na hakuwa amefika kwangu hata siku moja.

Alinifunga na bande ya mwisho iliyobaki katika kabati yake. Valérie alitia mawe mawili ya volkano chini ya kitanda, upande wa miguu, na mimi nikalala kichwa chini kama mutu anayetaka kuteleza atoke na dirisha. Muguu ulianza kupumua. Nilisikia ukipungua ndani ya bande, kwa kweli nilisikia. Hivyo zilipita siku tatu.

Ya ine ilikuwa Alhamisi, na wamama wa shirika letu la kanisa wakaja.

Kwetu mugonjwa anasalimiwa, na kama mugonjwa iko na kidonda, kidonda pia kinasalimiwa. Huwezi kuketi kwa mutu, kunywa chai yake, kusema pole, na kurudi bila kuona. Utasema nini ukifika nyumbani? Na mwenye kidonda hawezi kukataa. Kukataa ni kusema macho ya yule mama yana kitu kibaya. Kwa hiyo Mama Nshobole, mukubwa wa shirika letu, alipiga magoti kando ya kitanda na kufungua bande polepole, kwa mapendo yote, akisema "pole, mama, pole, mama." Wengine wakainama. Kila mumoja alikuwa amekuja na kitu chake katika kitambaa. Dancille alikuja na pile.

Jumatatu Munyaneza alifungua, akaona asali, siagi, na ule unga mweusi juu kama kaburi la siafu. Bande yenyewe ilikuwa imevutwa mupaka imelegea kama soksi ya mwanafunzi. Hakukasirika. Alisema tu: "Kidonda hiki hakina mwenyewe."

"Kina wenyewe kumi na wawili," nikasema.

"Mama Télesphore, umebakiwa na juma saba. Na mimi bande ingine sina."

Télesphore ni mutoto wangu wa kwanza, anafanya kazi Kisangani. Munganga aliposema jina lile nilimuona Télesphore akija kunisalimia na kukuta muguu mumoja kwenye kitanda. Nikaacha mizaha kidogo. Nikafikiri juu ya kitambaa: kiwe kirefu, cha nguvu, lakini kinavutika kidogo. Nikafikiri, nikakumbuka sanduku la bati la bwana yangu.

Bwana yangu Ferdinand Habarurema alikuwa askari wakati wa Wabeleji. Wakati ule askari alifungwa miguu na moletiere, mikanda mirefu ya sufu, rangi ya majani makavu, mumoja kwa kila muguu. Ferdinand alikuwa na nguvu ya kubeba gunia mbili, lakini subira ya kufunga mikanda ile hakuwa nayo. Mimi njo nilimufunga kila asubuhi, nimepiga magoti, yeye anakunywa uji. Unaanza chini, unapanda, kila muzunguko unalala juu ya nusu ya ule wa mbele. Ukilegeza, saa sita inaanguka na anapewa azabu. Ukikaza sana, anakuita majina. Nilifanya vile miaka kumi na moja. Alipokufa nilitia mikanda yote miwili katika sanduku na dawa ya mende, sikujua ya nini.

Munyaneza aliivuta, akainusa, akaipima kwa mikono, akaitokotesha. Alipotaka kunifunga nilimunyanganya. Nilijifunga mwenyewe mbele yake, toka vidole, kwa mafungo ya kupishana, mupaka chini ya goti. Aliweka kidole ndani apime, akakosa pa kukiingiza isipokuwa kidogo tu, mahali panapofaa.

"Nani alikufundisha hii?"

"Mutu aliyekuwa anakunywa uji."

Sasa ulibaki ugonjwa mukubwa: wageni. Kuwafukuza sikuweza. Kuwaambia munganga amekataza, wangesema munganga ni mutoto wa juzi. Nililala nikitazama bati la nyumba siku mbili, kichwa chini, na nafikiri damu ile yote iliyokuwa inashuka kichwani njo ilileta akili.

Nilimuambia Valérie apike maharagi.

Alhamisi, mbele wageni hawajafika, tuliponda maharagi na mafuta ya mawese, tukaacha ingine nzima nzima ili ionekane nyama inaota vibaya. Pembeni tukazungusha majivu. Katikati ngozi ya tomate. Valérie akasema bado hakinuki kama kidonda, tukaongeza maji ya sambaza, samaki wadogo, yaliyolala. Tukavibandika juu ya kifundo changu cha kuume, muguu muzima, usio na kosa lolote, tukakifunga na kipande cha kikwembe cha zamani. Muguu wa kushoto ukabaki ndani ya blanketi, na moletiere yake, umeinuliwa, umetulia kama tajiri.

Wageni walifungua, wakaona, wakatingisha vichwa. Mama Nshobole alifunika pua kidogo kwa heshima. Hakuna hata mumoja aliyeuliza. Miaka saba waliniona nikichechemea, na kumbe walitazama kidonda, muguu hawakuutazama. Dancille peke yake alikunja uso.

"Si kilikuwa cha kushoto?"

"Muramu, wewe unasimama mbele yangu. Kushoto kwako ni kuume kwangu."

Alitazama mikono yake miwili, akaigeuza. Kisha akatia unga wake wa pile juu ya maharagi.

Tuliendelea vile. Kila Alhamisi Valérie alipika kidonda kama mutu anayepikia wageni, na wageni walikitia dawa, na kila Jumatatu Munyaneza alikuja kufungua kile cha kweli. Juma la tatu alisema maji yamekwisha kutoka katika muguu. Juma la ine pembeni ya kidonda palikuwa na ngozi mupya, ya rangi ya waridi, nyembamba kama ya maziwa yaliyopoa. Siku moja akainua pua.

"Mama, muguu huu mwingine unanuka samaki."

"Ni muzee," nikasema. "Umeanza kuharibika peke yake."

Alinitazama, akatazama sufuria, akatazama Valérie aliyekuwa ametoka mbio. Hakuuliza tena. Munganga muzuri anajua mahali pa kusimamia.

Juma la tano Dancille aliniletea kuku. Zawadi ya kweli, kuku mwekundu, munene, amefungwa muguu na kamba. Walikuwa watatu siku ile: Dancille, Mama Nshobole, na mama mumoja wa kuuza tomate, jina lake Élisabeth, aliyekaa karibu na mulango na hakusema mengi. Wakafungua kikwembe, wakaona, wakatia dawa. Mama Nshobole akasema tuombe. Wakafunga macho.

Mimi sikufunga, nilikuwa nachunga kidonda changu. Na Dancille hafungi macho kwa sala, toka utoto wake. Anasema Mungu anamujua na macho yake.

Kamba ya kuku ikalegea. Kuku akatembea, akaruka juu ya kitanda, akatazama kifundo changu kwa jicho moja, kisha kwa lile lingine. Akadonoa haragi. Akameza. Akadonoa lingine. Mama Nshobole alikuwa anaombea wagonjwa wa hospitali, kisha wafungwa, kisha wasafiri, na mimi nilikuwa nimeketi nikitazama kuku akila kidonda changu, haragi kwa haragi, na nilisahau kabisa kwamba ningepaswa kusikia uchungu. Nilipokumbuka niliinua macho. Dancille alikuwa ananitazama. Kuku akamaliza na ngozi ya tomate, akapangusa mudomo kwenye blanketi, akashuka.

"Amina," Mama Nshobole akasema. Akafungua macho, akatazama. Kidonda kilikuwa kimebaki nusu. Alishika mukono wa Élisabeth, wakatoka pole pole, kama watu wanaotoka kanisani.

Dancille hakutoka. Alifunga mulango, akaketi pale pale nilipokuwa nimelaza miguu.

"Nilijua ni cha kushoto," akasema.

"Ulijua."

"Juma tatu nasimama nyumbani nageuza mikono. Bwana wangu akaniuliza kama ninacheza ngoma." Akavuta pumzi. "Mutu wa sitini na tano, mujane wa kaka yangu, anatupakia maharagi. Na mimi natoa pile za radio. Toa muguu wa kweli."

"Haufunguliwi, Dancille."

"Mimi ni dada ya bwana yako. Kama unakatwa, ni mimi nitaulizwa kwetu Masisi. Nitaona."

Alikuwa tayari amekamata blanketi. Dancille ana mikono ya kukamua ngombe. Kama angetaka, angefungua moletiere ile na kidole kimoja, na juma tano zingemwagika chini. Ningeweza kupiga kelele. Nikaona kelele haitasaidia. Nikaondoa mikono yangu.

"Fungua," nikasema. "Lakini ukifungua, ni mukono wako. Zamani mwenye kukata alikuwa dokta, sasa utakuwa wewe."

Akavuta blanketi. Muguu ulikuwa umefungwa toka vidole mupaka chini ya goti, kila muzunguko juu ya nusu ya mwenzake, na pale juu, mwisho wa mukanda, palikuwa na nambari ya askari ya Ferdinand, imeshonwa na uzi mwekundu. Tarakimu tano, na ile ya mwisho imepinda. Ni Dancille aliyeishona, akiwa binti wa miaka kumi na ine, siku kaka yake alipokuja mara ya kwanza kupumzika nyumbani.

Aliweka kidole juu ya ile iliyopinda.

"Nilimuambia nitaifumua niishone tena," akasema. "Akasema basi, askari hawasomi."

Inje kuku alikuwa anatafuta kama kuna kidonda kingine.

"Alisema unakaza sana," akaongeza.

"Alisema hivyo kwa kila mutu."

Akafunika muguu polepole, akakunja pembe za blanketi. Alipofika kwenye mulango akageuka, na nikaona Dancille wa kila siku amerudi. "Lakini mbele ya watu, dawa ni pile yangu. Nimevumilia maharagi, nipate hata sifa."

Nikaapa. Ningeapa hata kwamba ni radio yenyewe.

Juma la nane dokta alifungua moletiere na kutazama, na mara hii alinitazama na mimi. Kidonda kilichokuwa kipana kama kiganja kilikuwa kimebaki kama punje ya mahindi. Alipima, akafuta neno kwenye karatasi yake, akaandika lingine. "Endelea na kile unachofanya," akasema. Hakuuliza ni nini, na mimi nikaona ni vizuri, juu ya ningeanza na maharagi.

Nilirudi Mabanga kwa miguu yangu. Alhamisi ile nyumba ilijaa. Mama Nshobole aliongoza wimbo, Dancille akaketi katikati na kikwembe kipya, akieleza namna ya kuchagua pile: isiwe iliyovuja, isiwe ndogo. Alieleza vizuri sana. Hata mimi nilianza kuamini.

Kisha Élisabeth, yule wa tomate, akasimama kando ya mulango. Alitoa pile mbili katika kitambaa, akazishika mbele ya Dancille kwa mikono miwili. Halafu akainua kikwembe chake kidogo. Hakuwa ameambia mutu. Muguu ulikuwa umevimba, unangaa, na juu ya kifundo palikuwa shimo lenye upana wa kikombe.

"Mwaka wa ine sasa," akasema. "Nilikuwa naogopa kuonyesha. Kwenye hospitali wamesema maneno yale yale waliyokuambia, mama. Dancille, unifungulie hizi, nitie leo leo."

Nyumba ikamungojea Dancille. Yeye alitazama pile, akatazama muguu. Nilikuwa nimeapa, kwa hiyo nilinyamaza. Sifa ilikuwa yake, na kuitupa pia kulikuwa kwake. Alitengeneza kikwembe chake kipya kwenye magoti.

"Rudisha hizo kwenye radio, Élisabeth," akasema. "Usikie habari."

Kisha akanigeukia. "Muramu, fungua sanduku. Moletiere zilikuwa mbili."

Tulieleza yote, yeye na mimi, mumoja akimukatia mwenzake: munganga, damu isiyopanda, sufu, maharagi, kuku. Wamoja walicheka mupaka wakaketi chini. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki; asali ya Masisi haipatikani kila siku. Mama Nshobole hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anafikiri.

"Na siku ile tuliomba," akasema, "kikabaki nusu?"

"Ni kuku, mama."

"Kuku yupi?"

Nikamuonyesha. Alikuwa anapita pale inje, munene zaidi. Mama Nshobole alimutazama muda murefu. "Basi kuku huyo musimuchinje," akasema, na mupaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Munyaneza alisikiliza damu ya Élisabeth kwa vidole viwili, akasema inapiga. Mimi nilimufunga, nimepiga magoti, toka vidole kupanda, na Dancille alisimama nyuma yangu akisema usikaze sana, usikaze sana, mupaka nikamuambia aende akalete uji.

Lakini hila ya maharagi ilikuwa imekufa, kila mutu aliijua, na Alhamisi zilikuwa zinakuja na wageni wao. Kwa hiyo juma nyingi zilizofuata, kila walipoenda kumusalimia Élisabeth, walimukuta Dancille kwenye kiti kando ya kitanda, mikono juu ya blanketi. Waliketi, walikunywa chai, walisema pole. Walipofunga macho kwa kuomba, yeye hakufunga.